Mama Alikubali Kwenda Arua

Koboko, Ijumaa

Mdogo wangu Hakimu,

Pokea salaam za nyumbani. Mahindi ya shamba letu la Abuku yamekomaa, na binti yangu Zuhurah amejifungua msichana. Uso wake nimeuona vizuri, kwa sababu wiki iliyopita nilipasuliwa mtoto wa jicho huko Arua.

Niliogopa sana. Daktari akaniambia, "Hatari iko, mama, lakini kidogo. Ukisikia maumivu ama jicho ikiwa nyekundu, rudi haraka." Akanitia ganzi. Sikuumia, na kabla sijamaliza dua zangu kazi ilikuwa imekwisha. Kesho yake bandeji ilipotolewa, niliona vidole vyangu nikalia.

Nilimkumbuka Mama akisuka vikapu barazani. Unakumbuka alivyopapasa nyuzi akiuliza, "Hii iko nyekundu ama kijani?" Wajukuu walimdanganya rangi, naye akacheka pamoja nao.

Hakimu, ulipoandika kutoka Bombo kwamba tumpeleke akapasuliwe, nilikujibu kuwa amekataa. Haikuwa kweli. Mama alikubali, hata nguo za safari alifunga. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba watampofusha kabisa, naye akaniamini. Akaishi gizani miaka sita, hadi tulipomzika.

Jicho la pili litapasuliwa mwezi ujao. Usinijibu kwa barua. Lolote lililo moyoni mwako, hata likiwa chungu, njoo uniambie nikikutazama.

Ni mimi dada yako,
Rehemah