Jina Lako Kwenye Mashine ya Duka

Kwa hiyo hapana, Mama, siku ya harusi sikulia. Nililia kesho yake, hapa ukweni Rubafu, shangazi zangu walipokwisha kuondoka nikabaki chumbani na masanduku. Wote walisema nimependeza. Ni wewe tu ambaye ungesema gauni limebana kwapani, na lilikuwa limebana kweli.

Ninampenda Deus, Mama. Ninampenda mpaka naona aibu kuandika. Unakumbuka alivyokuja dukani kwetu Bakoba, pale mjini Bukoba, mara ya kwanza na begi lake la nyaya, ukamwuliza kama amekula kabla hujamwuliza amekuja kufanya nini? Ni yule yule. Akicheka anafumba macho. Akija Jumamosi kutoka Bukoba namtambua kwa anavyokohoa uani, na moyo unaniruka kama wa mtoto aliyeletewa maandazi. Halafu Jumapili jioni anarudi kazini, na nyumba inakuwa kubwa mno.

Mama mkwe ni mwema, lakini ni wa zamani. Bibi harusi, omugole, hatoki mwezi wa kwanza, hashiki jembe, hachoti maji. Nakula, nalala, natazamwa. Majirani wanakuja, wananigeuza mikono, wanasema, "Waitu, laini hivi! Huyu hajawahi kumenya ndizi." Nawatabasamia tu. Wewe ungewajibu mpaka wakaaga mapema.

Kazi niliyoachiwa ni moja, nayo ni ya simu. Deus anaunganisha duka letu la mtandaoni na ile mashine ya kuuzia dukani, ili kitu kikiuzwa huku kipungue na kule. Alihitaji mtu aliye mbali na duka ajifanye mteja, na nani aliye mbali kuliko mimi? Kila asubuhi nakaa dirishani, mahali pekee mtandao unapokamata, naagiza kitenge. Aneth, msichana tuliyemwajiri baada yako, anaangalia mashine kule Bakoba kisha ananipigia: "Dada, imeingia! Kimepungua kimoja." Halafu yeye anajifanya kuuza kimoja pale kaunta, na mimi nasubiri namba ishuke kwenye simu yangu. Siku nyingine inashuka kabla sijapumua. Siku nyingine inaganda, na Deus anashika kichwa.

Unajua kwa nini hatukuchoka. Ni kwa ajili ya yule mama wa Bumbire. Alikiona kitenge kwenye simu, akavuka ziwa na mtoto mgongoni, akakuta kimeuzwa asubuhi ile ile na simu bado inasema kipo. Wewe uliona aibu kuliko yeye. Ulimpikia, ukamsindikiza hadi mwaloni kwenye mtumbwi, na uliporudi ukamwambia Deus, "Hiyo simu yako na mashine yangu viongee, au uondoe vyote viwili."

Na ilipofika kuandika mteja wa majaribio, Deus akataka kubuni jina, ukakataa. "Niandikeni mimi. Mtu wa uongo atanunuaje?" Tukakuandika: Leokadia, namba yako ya simu, mzigo uletwe nyumbani Muleba, malipo wakati wa kupokea. Ukachagua kitenge cha kijani chenye maua ya kahawa. Ulipoambiwa hakitaletwa kwa sababu ni majaribio, ukanuna mpaka chakula cha jioni.

Ulipofariki nikaendelea kuagiza kwa jina lako. Sikuweza kuandika jingine. Kila nikibonyeza, simu inaniandikia, "Karibu tena, Leokadia." Mama, hakuna mahali pengine ninapolikuta jina lako siku hizi. Watu wanasema marehemu. Hata mimi nimejifunza kusema marehemu.

Sasa Deus akaja Jumamosi moja akasema majaribio yamekwisha. Duka linafunguliwa, na kabla ya hapo wateja wote wa majaribio wafutwe, kila kitu kianze kisafi. Nikamwambia awafute wengine, wewe akuache. Akanieleza taratibu, mkono wake begani kwangu, kwamba mteja asiyekuwepo ataharibu hesabu za duka, na matangazo yatakuwa yanatumwa kwenye simu isiyo na mwenyewe. "Mpenzi, ni jina tu kwenye mashine," akasema.

Jina tu!

Huo ndio ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza katika ndoa. Nilimgeuzia mgongo. Jumapili aliondoka bila mimi kufika hata mlangoni, na nilipousikia mlango ukifungwa nikatamani kumkimbilia, lakini omugole hatoki. Sikuwa na mtu, Mama. Wewe umeondoka, yeye nimemfukuza kwa kununa, na majirani wanasifia mikono yangu.

Jumatatu asubuhi nikaagiza mara ya mwisho, kitenge kile kile cha kijani. Nilitaka kukuaga. Sikujua kwamba Deus alikuwa ameshaitoa mashine kwenye majaribio na kuiweka kazini kweli. Alinitumia ujumbe. Nilikuwa bado nimenuna, sikuufungua. Na Aneth, masikini, anakujua kwa jina la Ma Koku kama watu wote. Nani pale dukani aliwahi kukuita Leokadia? Siku za majaribio mashine ilimwonyesha idadi tu, bila jina la mteja. Aliona oda ya kweli, ya kwanza kabisa, akafurahi, akakikunja kitenge vizuri na kukipeleka kwenye basi la Muleba.

Bodaboda wa stendi akapiga namba yako. Baba bado anaichaji simu yako, Mama. Mimi sikujua. Akapokea. Kijana akauliza, "Ni kwa Leokadia? Yupo nimletee mzigo wake?"

Baba akajibu, "Yupo. Lete."

Alinisimulia mwenyewe kwa simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza habari za mvua. Alimlipa kijana hela ya kitenge aitume dukani, akaingia ndani, akakiweka kitandani upande wako. Mimi nalia, naomba radhi, namwambia ni majaribio, ni kosa, Aneth atamtuma mtu akichukue.

"Kwani hajalipa?" Baba akasema. "Basi ni chake."

Jioni ile Deus naye akapiga. Alikuwa amewafuta wateja wa majaribio, wote wametoka isipokuwa mmoja. Ule mfumo haukubali kumfuta mteja aliyenunua na kulipa, eti umeundwa hivyo ili mauzo ya duka yasipotee. "Mama amekataa," akasema, na nikamsikia anacheka huku sauti inakatika, kwa sababu naye alikupenda. Nilimsamehe hapo hapo. Nilitamani nipenye kwenye simu nimkumbatie. Duka limefunguliwa, Mama, akina mama wa visiwani wanaagiza bila kuvuka bure, na mteja wetu wa kwanza ni wewe.

Lakini tangu siku ile neno moja la Baba haliniachi. Yupo. Nilidhani ni mimi tu niliyeachiwa nyumba kubwa. Kumbe naye anapika peke yake, anakula peke yake, anachaji simu mbili. Nikamweleza mama mkwe. Alikuwa anamenya ndizi, akaweka kisu chini. "Omugole hatoki, hilo nimelisema mimi," akasema. "Lakini sijasema mtu asiende kumwona mama yake."

Basi tunakuja. Deus akishafunga duka Jumamosi tutashuka Muleba pamoja. Siku ya kukuzika alisimama mbali, kwenye migomba, kwa sababu alikuwa bado si mtu wa nyumbani. Safari hii nitamshika mkono nimlete mpaka pale ulipolala, nimtambulishe kwa sauti, mume wangu huyu, Mama, mwone. Kisha tutapalilia, tutamkalisha Baba kivulini bila kufanya kitu, na nitampikia mpaka akatae.

Usihangaike kutuandalia chochote. Kaa hapo hapo ulipo. Kabla mwezi huu haujaisha utatusikia uani.

Mwanao,
Koku