Nguo Kavu Kwenye Kamba

Mpendwa Mama,

Kwa heshima zote zinazostahili tukio la kihistoria, na baada ya mashauriano marefu kati yangu na mimi mwenyewe, natangaza rasmi kwamba kiti cha kunyolea katika kibanda changu cha kinyozi hapa Tena kimehamishwa kutoka ukutani hadi mlangoni. Hakukuwa na utepe wa kukatwa. Mgeni wa heshima alikuwa Mama Chipo, muuza chipsi wa kibanda cha pili, ambaye alitoka na kijiko chake cha kukaangia akasema, "Kinyozi, hizo nywele zikiingia kwa mafuta yangu, utazila wewe." Nikamhakikishia kwamba upepo wa huku huvuma kuelekea Umoja. Hakuniamini. Wateja nao wanalalamika jua linawapiga machoni, lakini uamuzi haubadiliki. Siku hizi siwezi kufanya kazi mahali ambapo mtu au kitu kimekaa kati yangu na mlango.

Wewe ungenielewa bila kuelezwa. Ndiyo maana nakuandikia wewe ambaye hupokei barua, na si hawa wanaonisalimu kila asubuhi.

Unakumbuka chumba chetu cha Makadara? Kitanda chako na Baba kilikaa karibu na mlango, pale ambapo baridi ya Julai iliingia kama mpangaji mwenzetu. Wenzako waliweka vitanda vyao ndani kabisa, nyuma ya pazia. Wewe ulisema nyumba nayo inataka kupumua. Ulipika mlango ukiwa wazi, ukala mlango ukiwa wazi, na jirani yetu Mama Njoki alijua tunakula nini kabla sisi hatujaketi. Kwenye harusi ulikaa kiti cha mwisho. Matangani ulikaa ukingoni mwa turubai, mguu mmoja juani. Na kanisani ukapata suluhisho ambalo hadi leo nalivulia kofia: ulijitolea kuwa mhudumu wa mlangoni. Wenzako wakagombania kwaya na uweka hazina, wewe ukajifunga ule mshipi wa zambarau ukasimama mlangoni miaka nenda miaka rudi, ukiwaonyesha watu viti vya mbele ambavyo wewe mwenyewe hungevikalia hata kwa kulazimishwa na askari.

Siku ya mazishi yako mchungaji alisema ulikuwa mfano wa unyenyekevu, mtu aliyejichagulia nafasi ya chini kabisa katika nyumba ya Bwana. Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia. Nilikuwa bado sijajua.

Halafu kulikuwa na zile nguo. Ulikuwa ukiketi kuchambua mchele, mara unainuka, unachukua nguo zilizokwisha kukunjwa na kutoka nazo uani kuzianika. Siku moja nilikufuata.

"Mama, hizo si zilikauka?"

"Nazipunga hewa, papa."

"Lakini hujaanika hata moja."

"Rudi ndani uangalie mchele."

Ulikuwa umeishika kamba kwa mikono miwili, shati la Baba begani, macho yako yametulia kwenye ukuta wa choo cha ploti kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Sauti yako ilikuwa ya kila siku. Shingo ndiyo iliyokuwa ikipiga, nakiona hata sasa kile kimshipa. Nikarudi kuangalia mchele. Baadaye ikawa utani wa nyumbani: ukichelewa kurudi ndani, Baba alisema umeenda kuipunga hewa suruali yake. Tulicheka, na wewe ulicheka nasi. Ulicheka vizuri sana, Mama. Hakuna aliyeshuku kitu.

Kwangu mimi ilianza mchana kweupe. Aliyekuwa kitini ni Mzee Kamau, karani mstaafu ambaye hapendi mashine. Ndevu zake ni za wembe tu. Nilikuwa nimefika chini ya kidevu. Vijana walikuwa wamejaa kwenye benchi wakitazama mpira. Ghafla hewa ikaisha. Sisemi ilipungua. Iliisha, kama tokeni za stima. Moyo ukaanza kukimbia bila kunisubiri, vidole vikafa ganzi, mabati ya ukuta yakanisogelea, na nikajua, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao kuhusu jambo lolote, kwamba nakufa, na nitafia papa hapa na wembe mkononi.

"Kinyozi," Mzee Kamau akasema polepole, kama mtu anayezungumza na ng'ombe asiyemjua, "unatetemeka nini, na hiyo shingo ni yangu?"

"Ni baridi, mzee."

"Baridi gani na unatoa jasho?"

"Buda," kijana mmoja akadakia kutoka kwenye benchi, "toa wembe kwa shingo ya mzee kwanza, ndio ufe."

Wakaangua kicheko. Nilitoka nje nikasimama kando ya karai la Mama Chipo mpaka dunia iliporudi mahali pake. Mzee Kamau alikwenda nyumbani na nusu ya ndevu.

Nikaanza kutafuta jina la ugonjwa. Kwenye duka la dawa wakasema ni gesi, nikapewa dawa yenye ladha ya minti, nikawa mtu anayekufa huku akinukia vizuri. Hospitali wakanibandika nyaya kifuani, kisha daktari akaniambia moyo wangu ni kama wa kijana. Alitabasamu kama mtu aliyetoa zawadi. Mimi nilitoka pale nimenywea, kwa sababu moyo mbovu ni ugonjwa wa heshima, watu hukuulizia hali. Kama si moyo basi ni kichwa. Na kinyozi mwenye kichwa kibovu, nani atampa chake?

Basi nikaanza kuacha mahali. Niliacha supamaketi ya Donholm kwa sababu mlango wa kuingilia si wa kutokea. Nikaacha kanisa. Nikaacha hata kufunga mlango wa bafu. Nilioga ukiwa wazi, mke wangu Mama Teri akilinda korido mtoto asipite. Mtaa wote ulikuwa palepale, lakini kwangu ulibaki uchochoro mmoja tu: nyumba, kibanda, nyumba. Wembe niliufungia kabatini. Wateja wa ndevu wakaanza kuhamia kwa kijana fulani karibu na steji, ambaye huwakata lakini hatetemeki. Nilikuwa nakiona kibanda kikiponyoka, na siwezi kumweleza mtu kwa nini.

Mama Teri alivumilia, kisha akafanya ambalo mke yeyote wa huku angefanya. Alilipeleka jambo langu kwenye ushirika wa nyumba kwa nyumba. Desturi unaijua. Mtu akiugua, ushirika haumwombei kwa mbali, unakuja. Walikuja jioni na chapati kwenye hotpoti, na sukari, na upendo wa kweli, hilo nasema bila mzaha. Sebule yetu unaikumbuka ilivyo. Walijaa kwenye viti, wakajaa kwenye mikono ya viti, wengine wakasimama. Wa mwisho kuingia alikuwa Dada Rispa, mwanamke mwenye mwili wa kutosha na moyo mkubwa kuliko mwili. Alifunga mlango, akaweka stuli mbele yake, akaketi. Mgonjwa huwekwa katikati. Mgonjwa ni mimi.

Wakaniwekea mikono kichwani, wakafumba macho, wakaanza kuikemea roho ya woga. Nayo ikaja hapohapo, labda ilisikia ikitajwa.

"Anatetemeka!"

"Inatoka! Mshikeni vizuri!"

"Naomba nipite," nikasema.

"Msimwache! Hiyo ndiyo inaongea!"

Nilijaribu kueleza kwamba si hiyo, ni mimi. Lakini nilivyozidi kuomba njia ndivyo mikono ilivyozidi kunikaza, na ilivyonikaza ndivyo nilivyotetemeka, na nilivyotetemeka ndivyo walivyomshukuru Mungu. Hapakuwa na mahali pa kuishia. Ndipo macho yangu yakaangukia kapu la nguo chini ya meza, nguo zilizokwisha kukunjwa. Sijui nani aliyenitia maneno kinywani.

"Nguo zinanyeshewa!"

Mama, hakuna maombi mtaani humu yanayoweza kushindana na sentensi hiyo. Macho yote yalifunguka. Dada Rispa aliruka kutoka kwenye stuli kama msichana. "Kimbia, baba, kimbia!" Nikanyakua kapu nikapita. Hakuna aliyeuliza kwa nini naziokoa nguo na mvua kwa kuzitoa nje.

Juu ya paa la fleti yetu, kamba za nguo zimezungushiwa vizimba vya waya, kila mpangaji na kufuli lake, kwa ajili ya wezi. Niliingia kwenye kizimba chetu, nikaacha kijimlango wazi, nikaishika kamba kwa mikono miwili. Mvua haikuwepo. Nikaitazama mikono yangu pale kwenye kamba, na ilikuwa mikono yako. Si kwa kufanana. Ilivyoshika. Shati langu lilikuwa begani, wala sikumbuki nililiweka saa ngapi.

Mama Teri akaja akasimama nje ya kizimba.

"Baba Teri, hakuna mvua."

"Najua."

"Na hizo ni kavu."

"Nazipunga hewa."

Nikacheka, halafu kicheko kikageuka, nikalia mbele ya chupi za familia yangu. Mke wangu hakuingia. Sijui alijuaje kwamba asiingie. Alikaa nje ya waya akingoja, kisha akasema, "Wameanza chai. Kaa tu. Nitawaambia zililowa." Alipofika kwenye ngazi akageuka. "Na Jumatano twende kituo cha afya. Wanasema kuna mtu wa kuongea naye."

"Mimi si wazimu."

"Sijasema wewe ni wazimu. Nimesema nimechoka kulinda korido."

Tukaenda. Chumba cha mshauri kiko mwisho wa korido, na ukutani wameandika Afya ya Akili kwa herufi ambazo hata asiyeona mbali anazisoma. Mlango wenyewe unatazamana na benchi la wanaopimwa presha. Na kwenye benchi la presha, nani kaketi?

"Kinyozi! Na wewe una presha?"

"Hapana, mzee. Mimi naingia hapo."

Mzee Kamau akayatazama maandishi. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka shingoni. "Ile siku ya wembe?"

"Ile siku ya wembe."

"Basi ingia, kijana. Ingia upesi."

Mshauri alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Chumba kilikuwa stoo zamani, hakina dirisha, na maboksi ya glavu yamepanda hadi darini. Akainuka kufunga mlango. "Ni kwa ajili ya siri yako," akasema. Nikakitazama kile kitasa, na hewa ikaanza kuniaga. Nikakuwaza wewe, miaka yote ile, ukitunga sababu. Nyumba inapumua. Nguo zinapunga hewa. Nikasema maneno ambayo nadhani hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuyasema kwa sauti:

"Naomba ubaki wazi. Ukifungwa naona nitakufa."

"Wazi kiasi gani?"

"Wazi kabisa."

"Watasikia kila kitu."

"Wasikie."

Wakasikia. Korido nzima ilinyamaza kama watu wanaosikiliza matokeo ya uchaguzi. Nilieleza yote, wembe, bafu, Dada Rispa na stuli yake. Nilipofika kwenye vidole, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye benchi la presha.

"Na midomo je? Midomo haifi ganzi?"

"Hufa pia, mama."

"Heh! Mimi waliniambia ni majini."

"Mimi waliniambia gesi," akasema mwingine.

Nesi akatoka akawaambia hapa si baraza la chifu. Mzee Kamau akamjibu, "Mwache aendelee, sista, watu wanajifunza."

Yule binti alijificha nyuma ya kalamu yake mpaka kicheko kilipompita. Kisha akanipa jina. Linaitwa shambulio la hofu. Linapanda, linafika kileleni, linashuka, na haliui, ingawa linaapa kwamba linaua. Akanifundisha kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Akasema tutarudi kidogo kidogo kila mahali nilipopaacha, na ikibidi daktari atanipa dawa. Nilimsimulia habari zako, akauliza kama uliwahi kutibiwa. Nikasema ulianika.

Sijapona, Mama, sitaki kukudanganya. Mlango wa bafu bado uko nusu wazi, wembe bado uko kabatini, na usingizi wangu ni wa mlinzi. Wakati mwingine nikiwa peke yangu nakukasirikia. Si kwamba ulinirithisha. Hilo hukulichagua wewe, kama ambavyo hukuchagua rangi ya macho yangu. Nakukasirikia kwa kunirudisha ndani kuangalia mchele. Jina hukuwa nalo, sawa. Lakini ungeniambia tu, papa, njoo ushike hapa. Ningekuja. Kamba ile ilikuwa ndefu, tungeenea wawili. Badala yake kila mmoja wetu alifungiwa peke yake, wewe uani kwako, mimi kwenye waya wangu, na kati yetu miaka ambayo hatukuambizana neno.

Teri nimemwambia. Nilimketisha nikamweleza kwamba baba yake huogopa bila sababu na kwamba hilo lina jina. Akafikiri, kisha akauliza kama hata mende huogopa bila sababu. Nikasema mende ana sababu zote.

Jumatano narudi kwa yule mshauri. Tumekubaliana kwamba safari hii mlango utakuwa nusu. Naiogopa ile nusu, lakini naitaka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Mzee Kamau kuna mtu ninayemwamini kunitoa humu nilimo, na sikudhani ningewahi kuandika hivyo kuhusu mtu ambaye nimemwona mara moja.

Pumzika vizuri, Mama. Nakupenda, na bado nakuuliza maswali.

Ni mimi, kitinda mimba wako.

Nimesahau kukuambia: yule mshauri ni mwanafunzi aliyeletwa na chuo kwa mazoezi ya kazi, na anamaliza Ijumaa ya wiki hiyohiyo.