Saba au Shaba

Jumanne, Machi 1988

Saba. Nilisema saba. Mchoro wa saba, wenye mpini mwepesi, wa ile kulabu ndogo ya kusogezea neva tukipasua mgongo. Fundi Owino ameniletea kulabu yenye mpini wa shaba, mzito kama kufuli.

"Si ulisema shaba, Daktari?"

"Nilisema saba."

"Wewe ni mtu wa Nyakach kama mimi. Sisi shaba tunaitanga saba. Nikakusaidia."

Mke wangu mwenyewe hunicheka nikisema naenda samba badala ya shamba.

Nikaijaribu kwenye shingo ya mbuzi, kwa hasira, nikiomba ishindwe. Haikushindwa. Uzito wake unatulia kiganjani na ncha haitetemeki. Ile ya zamani ni nyepesi mno, hata moyo wangu ukipiga inaruka. Neva ya mbuzi imesogea bila mkwaruzo.

Mkubwa wangu hapa hospitalini akapita, akaishika, akauliza wazo la shaba limetoka wapi. Nikasema nimelifikiria muda mrefu. Sista Atieno, aliyesikia yote ya Owino, alikohoa mpaka akatoka nje.

Alhamisi ni zamu ya kumpasua Mama Risper wa Pap Onditi, ambaye anataka tu kutembea tena hadi sokoni. Naogopa, sitajidanganya. Mbuzi hakuwa na watoto wa kuniuliza kitu.

Jioni Owino aliuliza kulabu ya pili aifanye kwa mchoro gani.

Nimemwambia wa saba. Asikie vile anataka.