Presha ya Lubaba

Munazza usinipigie, niko kwenye tuktuk na Lubaba yuko ubavuni, atasikia.

Shule imeniita. Wauguzi wamewapima watoto presha, ya Lubaba 146 kwa 95. Mtoto wa miaka kumi na moja, Munazza. Nikasema mashine mbovu. Wakarudia mara tatu, ni ile ile.

Nesi mmoja, Jael, akamuuliza kama anakula chumvi sana. Binti yangu akajibu kwa maringo, "Sisi twaanza kula kwa kulamba chumvi na twamaliza kwa chumvi."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia hiyo ni dini yetu, ni chembe mbili kwenye ncha ya kidole, asituingilie. Nilisema sana, Munazza.

Akaningoja nimalize. "Hiyo haina neno, mama. Mkobani mwake mna nini?"

Pakiti tatu za krispi za muhogo. Zangu mimi, za kuuza, nilizokaanga jana na kuzimwagia chumvi. Lubaba akasema ndicho chakula chake cha mchana kila siku.

Nje nimekuta akina mama wanne wameitwa kwa jambo hilo hilo. Wote wateja wangu. Mmoja akaniuliza kama kesho nitakaanga.