Mupira Yangu Ilifika kwa Basoda

Yaya Akumu, baridi ya Bunia inakusalimia pamoja na miye.

Leo kisha misa, Ngabu, bwana ya mudogo yetu, alinifundisha golf kwenye mulima nyuma ya nyumba yao. Kule hakuna pahali sawasawa. Mupira ilikuwa juu kidogo ya miguu yangu. Ngabu akasema: "Namna hii inapindukaka kushoto. Lenga kuume." Sikumusikia muzuri. Nilipiga na nguvu na fimbo yake, ikaruka kushoto mpaka mu barabara, ikagonga kamyo ya basoda, gari yao kubwa ya jeshi.

Mumoja wao akapanda mulima na bunduki.

"Nani amepiga?"

"Ni miye, chef."

Akaniangalia. Niliwaza watoto yangu. Kisha akasema: "Leta ile fimbo." Akasimama pale pale, akapiga mupira ingine. Ikaenda kushoto vilevile, ikapotea mu manyasi. Akanirudishia fimbo, akashuka kurudi kwa kamyo.

Siye hatukucheka mpaka sauti ya kamyo ilipotea, na hata kisha hatukucheka. Umukumbatie mama sana, lakini usimuambie habari ya bunduki.

Mudogo yako, Okelo