Sanduku la Kufuli Tatu

Jumanne, tarehe 1 Juni 2004

Wifi yangu Noella amerudi kutoka maternite, hospitali ya wazazi. Mtoto amekaa vibaya tumboni, lazima Noella apasuliwe. Na kwanza tuweke avansi, pesa ya kutangulia. Nimemwambia asiogope. Kikundi chetu cha wamama hapa Rugenge tunaweka akiba kila Jumamosi na tunakopeshana kwa mambo kama haya. Akacheka: na weye muuza visamaki vya ndagala unajifanya benki! Nampenda huyu mwanamke kuliko kaka yangu aliyemuoa.

Alhamisi, tarehe 3 Juni

Risasi upande wa Luberizi. Kaka amekwama hukohuko. Nusu ya mtaa imevukia Burundi. Honorine pia, na ufunguo wake shingoni! Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na wenye funguo tuko watatu: mimi, Sabine na yeye. Tulipanga hivyo mtu asile peke yake. Sasa tumejifungia wenyewe.

Sabine anataka tulivunje kwa shoka. Noella amekataa. Eti ni jasho la wamama wote, na wengine hawapo. Kichwa ngumu huyo. Nimelia jikoni, asinione.

Jumamosi, tarehe 5 Juni

Uchungu umeanza asubuhi. Noella mbele, ameshika kiuno. Mimi na sanduku kichwani. Sabine nyuma, ananikaripia nisiliangushe. Tumelitua mbele ya muhasibu wa maternite. Nikamwambia: minye sina avansi ingine, iko hili tu, na kufuli zake. Akalitikisa. Akamtazama Noella. Akamwita daktari. Mungu ambariki.

Noella yuko ndani. Muhasibu hataki sanduku liondoke machoni pake, basi tumelikalia, naandika juu ya goti. Barabarani watu wanakimbia na magodoro.

Mmoja anakuja kinyume chao — Honorine! Vumbi mpaka kwenye nyusi. Mpakani alisikia uchungu umemshika Noella, akageuza. Hata salamu hakuna: nani amewaruhusu kutoa sanduku bila mkutano? Mtalipa amande kwa kosa hilo, wote wawili. Huku anavuta kamba shingoni, ufunguo huo. Nilitaka kumkumbatia, akanisukuma.

Tumeinuka. Kufuli yangu imefunguka. Ya Sabine pia. Imebaki ya Honorine —

Mtoto amelia! Analia kwa hasira, kama mama yake. Honorine ameketi chini, ufunguo mkononi, hafungui. Nesi ametoka mbio, amepita bila kututazama.

Na Noella?