Bwana Mkurugenzi wa Chumba cha Chini

Desmond, upo? Nimeharibu. Nimeharibu vibaya sana.

Filamu yetu imeonyeshwa leo mchana pale maktaba, hapa hapa Toledo. Watu wamecheka mpaka machozi. Na mama alikuwa safu ya mbele, kavaa gauni lake la Pasaka.

Sikuwa nimemwambia kwamba yule mama kituko wa kwenye filamu ni yeye!! Nilijidanganya kuwa hatajitambua. Atakosaje kujitambua, na mwigizaji kavaa sweta lake la njano, na tumerekodi jikoni kwake, huku yeye mwenyewe akitupikia lazanya?

Unakumbuka tangu nimalize chuo nikarudi kulala chumba cha chini kwa mama, anavyoniita kutoka juu ya ngazi? "Bwana Mkurugenzi, chakula tayari!" Na Bwana Mkurugenzi mwenyewe hana kazi, hajaongoza hata filamu moja, mchana kweupe bado yuko na pajama. Basi hicho ndicho nilichokifanya kichekesho. Kila mwigizaji akiita hivyo, ukumbi mzima unaangua kicheko.

Mara ya kwanza mama naye alicheka. Mara ya pili akageuka kuniangalia.

Akaendesha gari mpaka nyumbani. Akazima injini, akasema, "Wendell, mimi sikuwa nakutania. Nilikuwa namaanisha."

Alikuwa anamaanisha, Desmond! Muda wote ule, anamaanisha!

Sasa niko huku chini. Nimesikia mlango wa juu ukifunguliwa, nikangoja aniite lile jina.

"Wendell, chakula tayari."